Nililipa Mgongo Tanuri la Banpo

Jumatano, mwezi wa saba. Juu ya Bumbuli. Ukungu ulilala kwenye mashamba ya chai tangu alfajiri, umeondoka saa saba, na sasa kuna kajua kembamba kama uji wa mgonjwa.

Shajara, leo sikuandikii kwenye ile kompyuta ya duka la intaneti mjini Lushoto, ya dirishani, ambayo herufi A lazima uibonyeze mara mbili ndiyo itii. Nakuandikia kwenye daftari la mistari, kwa kalamu ya kuazima, nimekaa juu ya gogo kwenye njia iliyo chini ya nyumba ya bibi yangu. Mgongo nimeupa nyumba. Sina ruhusa ya kugeuka. Kesho nitakuchapa na kukuweka mtandaoni kama kawaida, na nyie watu wanne mnaonisoma (mmoja ni mimi) mtajua kwa nini.

Nanusa moshi.

Nianze na sifa, maana bila sifa mkono wangu hauandiki vizuri. Mimi Athumani, niliyeachia shule kidato cha pili, nimefika China mara mbili. Mara ya pili nimerudi wiki iliyopita. Hapa Lushoto kuna watu wenye vyeti vya kujaza sanduku ambao safari yao ndefu kuliko zote ni kushuka Mombo kusubiri basi. Sokoni wananiita Mchina, nami naitika. Nauza ndoo, mabeseni, majagi na chupa za chai za kila rangi, hata zile rangi ambazo Mungu aliziacha zikiwa hazina jina.

Lakini safari hii sikwenda kwa ajili ya ndoo peke yake. Na hilo sijamwambia mtu, hata Sefu wa mitumba, jirani yangu wa kibanda, ambaye mimi namwambia kila kitu na yeye anamwambia kila mtu.

Nilikwenda kwa sababu ya mtungi.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Alifundishwa na mama yake, ndiye huyu Bibi aliyenikalisha kwenye gogo. Miaka ile ya foleni, wakati sufuria ilikuwa haionekani dukani hata kwa dawa, watu walipanda mlima huu kutoka Soni na kwingineko kufuata vyungu vya nyumba hii. Bibi husema mapaja yalimfa ganzi kwa kukaa chini anafinyanga. Halafu biashara ikafunguliwa, ruksa kila kitu, na vitu vikaja kweli. Mama alipofariki, mimi nikiwa kidato hichohicho cha pili, mtungi ulikuwa haununuliwi tena, ila na wageni wachache wanaopita kutembea milimani, nao wanautaka mdogo, wa kuingia kwenye begi.

Mama aliacha mtungi mmoja wa maji. Ulikaa kwenye kona ya nyumba ya Bibi, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Chini ya mdomo Mama alikuwa ameuwekea alama kwa ukucha wa kidole gumba, vijialama vilivyopinda kama miezi michanga, vimeizunguka shingo yote. Mtu mwingine hapa mlimani alikuwa haweki hivyo. Ilikuwa ndiyo sahihi yake, kwa kuwa kalamu hakuwahi kuipenda. Maji ya mtungi ule yalikuwa na ubaridi wake na harufu yake, harufu ya ardhi iliyonyeshewa mara ya kwanza.

Mwaka jana, niliporudi kutoka China mara ya kwanza, nilimletea Bibi ndoo ya bluu yenye bomba. Nikaiweka kwenye kona ile kwa mikono yangu hii. Mtungi nikautoa nje, nikauegemeza ukutani, nikasema acha upate hewa.

Mbuzi wa jirani akaupa hewa.

Bibi hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Aliokota vigae kimoja kimoja, akavifunga kwenye kanga, akaingia ndani. Basi. Ila tangu nikiwa natambaa, Bibi alikuwa ananiita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu. Mume wangu umeniletea nini. Mume wangu umekonda, huyo mke mwenzangu wa mjini anakulisha upepo. Tangu siku ya mbuzi ananiita mgeni.

"Karibu, mgeni. Maji yapo kwenye ndoo yako."

Yeye mwenyewe bomba lile hajaligusa. Anakunywa kwenye kijungu cha mboga. Mwaka mzima, Shajara. Nimetukanwa sokoni na wanawake wa Mlalo wenye ndimi za wembe na nimelala usingizi mnono, lakini hilo neno mgeni lilikuwa linaniamsha usiku.

Mwezi wa tano nilikuja kumuaga kwa safari ya pili. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kupepeta maharage. Halafu bila kuniangalia akauliza:

"Huko kwa Wachina, wanawake wao hawakufinyanga kamwe? Walianza na plastiki tangu Adamu?"

Nikasema sijui.

"Umekwenda mpaka huko, umerudi, hujui." Akapuliza makapi. "Nenda ukaangalie. Halafu uje uniambie walichomaje."

Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia mwaka mzima. Mtu mwingine angesikia swali. Mimi nilisikia mlango umefunguliwa kidogo, upana wa kidole.

Basi nikafika Guangzhou, nikafunga mzigo wangu, nikaanza kuuliza. Sina Kichina, nina mikono. Dada mmoja wa ghalani nilimchorea chungu na mwanamke mzee. Akanipeleka kwenye chupa za chai. Nikachora tena, nikaweka moto chini, nikaonyesha nyuma, nyuma, zamani sana. Akacheka, akaita wenzake, wakashauriana kama baraza la kata, mwisho akaniandikia kikaratasi. Akatamka: Banpo. Ni kijiji cha kale kilichofukuliwa ardhini, karibu na mji wa Xi'an.

Wenzangu wa biashara, vijana wa Tanga mjini, walinicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Watu wanakuja huku kuchukua mzigo, wewe unakwenda kuangalia mashimo?" Nikawaambia mashimo ya kwetu nimeyamaliza. Nikapanda treni peke yangu, bila kiongozi, bila mkalimani, kikaratasi mkononi nakionyesha kila stesheni kama mgonjwa na cheti chake. Siku nzima na usiku wake na kipande, nimekaa wima kwenye kiti kigumu. Mama mmoja alinishika nywele kwa heshima zote, akanipa mbegu za alizeti. Nilimfundisha kusema "poa". Kama kuna mtu atakwenda Xi'an akasikia mama wa Kichina anasema poa, ajue ni kazi yangu.

Getini pa Banpo kuna bwawa, na katikati sanamu ya msichana anamimina maji kwenye chombo cha udongo. Nikamwambia shikamoo. Si utani, lilinitoka lenyewe. Kwa umri wake alistahili.

Ndani ni kama banda kubwa kuliko yote uliyowahi kuona, limeezekwa juu ya kijiji. Chini ni udongo mtupu wa hudhurungi, na juu yake unapita kwenye njia iliyonyanyuliwa, unachungulia. Shajara, ningeweza kukudanganya kwamba nilielewa kila kitu. Kiingereza changu cha kidato cha pili kilisoma kila kibao mara tatu. Lakini nyumba sikuhitaji kibao. Duara. Vijishimo vya nguzo vimezunguka. Jiko katikati. Ule ulikuwa msonge, kama misonge waliyojenga babu zetu kabla ya bati. Ningeweza kukuonyesha mahali pa kulaza mbuzi.

Kibao kimoja kilisema watu wale waliishi miaka elfu sita iliyopita na kwamba wanawake ndio walikuwa na sauti. Nikasema kumbe ni kwa Bibi.

Halafu vyungu. Vimepangwa nyuma ya kioo. Vingine vimechorwa samaki, na watalii wamejazana hapo kupiga picha. Mimi nilikuwa napita tu, najishaua, mikono mfukoni. Kwenye kona, mahali ambapo hapakuwa na mtu, palikuwa na chungu kisicho na samaki wala rangi, cha kawaida, kimeungwaungwa. Chini ya mdomo kilikuwa na alama za ukucha. Zimezunguka shingo yote. Miezi michanga.

Nilisimama.

Sijui nilisimama muda gani. Mlinzi alipita mara mbili. Niliweka kidole gumba changu juu ya kioo, ukucha mbele ya ukucha, na ule wa mwanamke yule ulikuwa mdogo, kama wa Mama. Nilitamani kumwita mtu aje aone. Lugha yangu hakuna aliyekuwa nayo. Na yule ambaye hasa nilitaka kumwita, hata lugha ningekuwa nayo asingefika.

Kuna kitu kingine nilikiona, nakiandika haraka. Watoto wao waliokufa waliwazika ndani ya mitungi, karibu na nyumba, na mfuniko wake waliutoboa katundu kadogo. Kibao kilisema ni ili roho iweze kutoka na kuingia. Nikawaza kona ya nyumba ya Bibi na ndoo yangu ya bluu. Nikawaza, Mama akija anaingilia wapi.

Nikatoka nje, nikanunua kiazi kitamu cha kuchoma, moto kabisa, nikala chote na maganda yake. Halafu nikarudi ndani kwa sababu kazi niliyotumwa nilikuwa bado sijaifanya.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Matanuri yao yako upande wa mashariki, ng'ambo ya handaki lililozunguka kijiji. Kuna mshale na picha ya moto. Nikaufuata, nimejaa, kifua mbele, daftari mkononi, tayari kuhesabu matundu na kupima kwa hatua. Nikakata kona. Nikaona kwa mbali ukingo wa udongo ulioungua, mwekundu, na weusi wa masizi.

Miguu ikagoma.

Ninyi ambao si wa huku hamjui. Kwetu mwanaume hasogelei mahali vyungu vinapofinyangwa, sembuse vinapochomwa. Jicho la mwanaume likiuona moto, vyungu vinapasuka. Nilipokuwa na miaka saba nilijificha kwenye migomba nikachungulia. Vyungu vitano vilipasuka siku ile. Mama alinichapa kwa mwiko wa ugali mpaka mwiko wenyewe ukaomba msamaha.

Basi nikasimama pale China, mtu mzima, mfanyabiashara wa kimataifa, na miguu inakataa. Wanafunzi wenye kofia za njano wakanipita wanakimbia kwenda kuangalia. Mama mmoja mlinzi akanionyesha kwa mkono, huko, huko. Nikatikisa kichwa. Akadhani sijaelewa, akanishika kiwiko. Nikajitoa taratibu, nikageuka, nikaupa mgongo upande ule, nikatazama ukuta.

Moto umezimika miaka elfu sita. Hakuna chungu ndani. Nililijua hilo.

Sikugeuka.

Kwenye treni ya kurudi ndipo akili iliponirudia. Nimesafiri dunia nzima kuangalia kitu kimoja, na kitu hicho kimoja ndicho sikukiangalia. Nikacheka peke yangu mpaka jirani akahamisha mfuko wake. Halafu nikaacha kucheka, nikaanza kutunga uongo. Sokoni kwetu hakuna anayenifikia kwa uongo. Nimewahi kumuuzia mwalimu beseni lililotoboka nikamwambia ni la kuchujia. Nilitunga tanuri lenye milango saba, la kuchomea vyungu mia kwa siku, lenye bomba la moshi refu kama msikiti. Lilikuwa tanuri zuri. Mpaka nafika Dar es Salaam nilikuwa nimeshaanza kuliamini.

Leo asubuhi nikapanda hapa. Ukungu ulikuwa mzito, sikumwona Bibi mpaka nilipomfikia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Akanipa kigoda. Nikaanza. Treni, nywele, mbegu za alizeti. Msonge. Wanawake wenye sauti. Hapo aliguna kidogo. Nikamweleza chungu cha miezi michanga, na aliposikia alama za ukucha mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nikamwacha mpaka mikono ilipoanza tena.

"Na moto?" akauliza. "Walichomaje?"

Tanuri la milango saba lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikafungua mdomo. Akaninyanyulia macho, yale macho ambayo siku hizi yana utando, na nikajua kwamba huyu bibi amechoma vyungu miaka hamsini na mlango wa pili tu atanikamata.

"Sikuangalia, Bibi."

"Hukuangalia nini?"

"Moto. Nilifika. Nikaona masizi kwa mbali. Nikageuka."

"Walikuwa wanachoma?"

"Hapana. Umezimika miaka elfu sita."

Kuku alipita katikati yetu.

"Elfu sita," akasema, "na wewe ukaupa mgongo."

"Nikaupa."

"Hata jicho moja?"

"Hata la pembeni."

Alianza kucheka bila sauti, mabega tu. Halafu sauti ikaja, halafu kikohozi, nikainuka kumpigapiga mgongoni akanisukuma, akaendelea kucheka, anafuta macho kwa pindo la kanga.

"Uliogopa," akasema.

"Niliheshimu."

"Uliogopa, Athumani. Na adabu hiyo nani alikufundisha?"

"Wewe na Mama. Mlinichapa."

"Mimi sijakuchapa. Mimi nilisema una macho mabaya. Aliyekuchapa ni mama yako." Akaangalia mikono yake. "Basi alikuchapa vizuri."

Akainuka. Akaingia nyuma ya pazia, nikamsikia anasogeza kitu kizito polepole, kwa namna ya mtu anayesogeza mtoto aliyelala. Hapo ndipo nilipojua. Nilipokuwa China, huyu bibi, na macho yake hayo na mikono inayotetemeka, alikuwa amekaa chini akafinyanga. Mtungi upo, umekauka, unasubiri. Inaelekea alikuwa hajapata sababu ya kuwasha moto.

Akatoa kichwa nje, akaangalia mbingu. Ukungu ulikuwa unapanda. Akapaza sauti upande wa jirani: "Mama Zaina, lete zile kuni kavu. Na magome." Halafu akanigeukia, akanikuta bado nimeganda kwenye kigoda.

"Unangoja nini? Mume wangu, shuka. Nenda njia ya chini. Na usigeuke, utanipasulia."

Nilishuka kwa mbio, Shajara. Nimewahi kufukuzwa na mgambo, na mama mkwe ambaye hata hakuwa mama mkwe wangu, na mbwa wa misheni. Sijawahi kufukuzwa nikafurahi hivi.

Sasa ni karibu saa kumi. Moshi umekuwa mwembamba, nasikia Bibi na Mama Zaina wanazungumza Kishambaa kwa chini, sauti za watu waliokaa karibu na majivu. Baadaye watautoa. Bibi ataugonga kwa kifundo cha kidole. Mzima hulia kama njuga. Uliopasuka hutoa sauti ya mtu aliyepigwa tumboni. Ukipasuka atasema ni mimi, na pengine itakuwa kweli.

Sitaacha kuuza ndoo, nisikudanganye, maana leo nimeshakosa uongo mmoja mzuri. Ile ya bluu nitaiomba kwa adabu, niirudishe kibandani.

Ila kuna jambo moja linanisumbua, na hilo siwezi kumuuliza. Sikuuona mtungi. Sijui kama shingoni ameuwekea miezi michanga. Alama ile ilikuwa ya Mama. Labda kaiweka kwa ukucha wake mwenyewe, mkubwa, unaotetemeka. Labda kaiacha shingo tupu, na hilo nalo nitalielewa. Ningegeuza kichwa kidogo tu, kwa hapa nilipo, kwenye uwazi wa migomba ningeona.

Mama, kama unakuja, ndoo nitaitoa, kona itabaki wazi.

Kesho nitakuwa mjini, napaza sauti, nauza plastiki. Leo sigeuki.